Picha imetumwa, daktari haioni: kutafuta hitilafu rekodi za mgonjwa zinapohama hospitali

Saa nane za usiku simu inaita. Daktari wa zamu anaongea haraka: majeruhi wa kichwa ameshashushwa kwenye gari la wagonjwa, skani ya CT alipigwa hospitali alikotoka, wenzake wa huko wanaapa picha zimetumwa, na kwenye skrini yake hakuna kitu. Anauliza kama wampige upya. Kumsubirisha mgonjwa ni hatari, na kumrudisha kwenye mashine ni kumwongezea mionzi ambayo hakuihitaji.

Simu ya namna hii nimeipokea kwa miaka, na wa kwanza kulaumiwa huwa ni mtandao. Mara chache ndiye mkosaji. Mara nyingi nyaya ziko sawa na intaneti ipo, ila mahali fulani njiani mashine mbili hazijuani kwa jina moja, au mgonjwa mmoja anajulikana kwa majina mawili kwenye mifumo miwili. Hapa chini nimefuata malalamiko kama yanavyosemwa kwenye simu. Kabla ya kugusa chochote, jiulize maswali manne kwa mpangilio huu: imetoka? imefika? imewekwa kwenye jalada la nani? inafunguka? Ukiruka swali moja utatengeneza kisichoharibika.

Jambo moja la msingi litakusaidia kote. Picha na maandishi havisafiri kwenye njia moja. Picha za eksirei, CT, MRI na ultrasaundi huzungumza lugha ya DICOM, iliyotokana na kamati ya wataalamu wa radiolojia na watengenezaji wa vifaa iliyoundwa Marekani mwaka 1983. Kiwango chake cha kwanza kilitoka 1985, na jina DICOM likaja 1993. Usajili wa wagonjwa, maombi ya vipimo na majibu huzungumza HL7, kiwango cha taasisi iliyoanzishwa 1987. Kwa hiyo picha ya mgonjwa na ripoti yake huondoka kila moja kivyake, na hukutana upande wa pili kwa namba tu: namba ya mgonjwa na namba ya kipimo. Namba zikitofautiana, hazikutani.

"Tumetuma, hawajapata"

Anza kwa mtumaji. Mashine nyingi za picha zina foleni ya kutuma, na kazi iliyokwama hubaki pale ikiwa na alama ya kushindwa. Mpigaji picha aliyebonyeza "tuma" akaenda kwa mgonjwa mwingine hana habari nayo. Mwombe asimame mbele ya mashine akusomee foleni neno kwa neno.

Kama imekwama, usiridhike na ping. Ping inakuambia kompyuta ya upande wa pili iko hai, basi. DICOM ina jaribio lake, linaitwa C-ECHO, na karibu kila mashine ina kitufe chake kwenye ukurasa wa mipangilio ya mtandao. Jaribio hili huthibitisha kwamba programu mbili zimekubali kuongea, na ili zikubali, vitu vitatu lazima viwe sahihi pande zote: anwani ya IP, namba ya poti, yaani mlango wa programu kwenye kompyuta (104 au 11112 ndizo utakazokutana nazo sana) na jina la AE.

Jina la AE ndilo linaloua. Ni jina ambalo kila kifaa hujitambulisha nalo, lisilozidi herufi 16, na herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa kuwa tofauti. Nilipoteza siku nzima katika hospitali moja kwa ajili ya seva iliyoitwa PACS01. Kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya mashine, aliyeandika alikuwa ameweka herufi O badala ya sifuri, na fundi akainakili kama alivyoiona. Ping ilipita, poti ilikuwa wazi, na seva ilikataa kila ombi kwa sababu aliyebisha hodi alitaja jina la mwenyeji asiyekuwepo. Tangu siku ile sisomewi jina la AE. Naomba nipigiwe picha ya skrini za pande mbili, naziweka sambamba, nalinganisha herufi kwa herufi. Angalia pia nafasi tupu mwishoni mwa jina, maana nakili-na-bandika huzibeba.

C-ECHO ikipita na picha bado zinakataliwa, tatizo limehamia kwenye makubaliano ya aina ya mzigo. Mashine mbili zikikutana, mtumaji hutaja aina za picha alizonazo na namna alivyozifungasha, na mpokeaji hukubali au kukataa kila moja. Seva ya zamani inaweza kupokea eksirei vizuri ikakataa picha za matiti za tabaka kwa tabaka, kwa kuwa haijawahi kusikia aina hiyo. Inaweza pia kuijua aina ikashindwa na mgandamizo, yaani namna faili lilivyobanwa ili lipungue ukubwa. Kwenye logi, yaani kumbukumbu ya matukio ambayo seva huandika yenyewe, ukiona 1.2.840.10008.1.2.4.90 imekataliwa, hiyo ni JPEG 2000, mgandamizo wa aina mojawapo. Mruhusu mtumaji atume pia kwa namna ya msingi isiyogandamizwa, 1.2.840.10008.1.2, ambayo vifaa hutakiwa kuielewa. Itakuwa nzito, lakini itapita.

Ukikuta jibu la A700, acha kutafuta mbali: mpokeaji amejaa. Nenda kaangalie diski.

"Naiona kwenye orodha, nikiivuta haishuki"

Lalamiko hili huwachanganya hata mafundi wazuri, kwa sababu utafutaji unafanya kazi. Daktari anaandika namba ya mgonjwa, orodha ya vipimo inakuja, anachagua, gurudumu linazunguka, kisha kimya.

Kiini chake ni jinsi amri ya C-MOVE inavyofanya kazi. Watu wengi hudhani ni kama kupakua faili kwenye tovuti: unaomba, unajibiwa kwenye njia ile ile. Sivyo. Kompyuta ya daktari huliambia ghala la picha, yaani seva inayozihifadhi, "Peleka kipimo hiki kwa anayeitwa KITUO_B." KITUO_B ni jina la AE la kompyuta hiyo hiyo ya daktari. Ghala hufungua daftari lake, hutafuta KITUO_B ana anwani gani na poti gani, kisha hufungua mawasiliano mapya kabisa kwenda huko. Ombi limetoka kushoto kwenda kulia. Picha zinatoka kulia kwenda kushoto, kwa mlango mwingine.

Hapo zinazaliwa sababu tatu. Ya kwanza, KITUO_B hayumo kwenye daftari la ghala, na logi itaonyesha A801, mfikiwa hajulikani. Ya pili, yumo lakini kwa anwani ya zamani. Hili huwapata sana madaktari wanaotumia kompyuta mpakato ambazo hupewa anwani mpya kila zinapounganishwa: Jumatatu picha zinashuka, Jumanne hazishuki, naye anaamini mfumo una hali yake. Ya tatu, ukuta wa moto wa mtandao unaruhusu ombi litoke lakini unazuia mgeni anayetaka kuingia, na ghala linapokuja na picha linahesabiwa kuwa mgeni.

Dawa ya mbili za mwanzo ni kumpa kituo anwani isiyobadilika na kumwandika vizuri kwenye daftari. Ya tatu inahitaji mtu wa usalama wa mtandao afungue poti moja, kwa anwani moja. Kama unaunganisha hospitali kupitia intaneti, ushauri wangu ni kuachana na C-MOVE huko nje na kutumia DICOMweb, ambayo hupitisha picha kwa HTTPS, njia ile ile salama ya tovuti, na kuzirudisha kwenye njia ile ile iliyoleta ombi. Na kamwe usifungue poti ya DICOM wazi kwa dunia nzima ili tu "ipite". DICOM ya kawaida haina nywila wala usimbaji. Anayefika pale akalijua jina la AE anaweza kuuliza orodha ya wagonjwa kama daktari yeyote.

"Jana ilipita, leo hakuna kinachopita"

Kama kila kitu kimesimama kwa pamoja, na hasa kama kimesimama usiku wa manane kamili, tazama cheti cha usalama, faili ambalo seva hujithibitisha nalo kwa wenzake. Vyeti vina tarehe ya mwisho na havimwonei mtu huruma. Baada ya hapo tazama diski, kisha uliza nani amebadilisha nini: sasisho, swichi mpya, sheria mpya kwenye ukuta wa moto. Saa ya seva iliyokimbia mbele nayo inatosha kufanya cheti kisichoisha muda kikataliwe. Ziunganishe seva zote na chanzo kimoja cha saa.

"Zimekuja nusu"

Hesabu. Muulize mtumaji mfululizo una picha ngapi, linganisha na zilizopokelewa. Kiunganishi, yaani kifaa au programu inayopitisha data kati ya mifumo miwili, kikiwa kinakata mawasiliano yakikaa muda mrefu kitakupa 312 kati ya 400, na programu ya kutazama haitakuambia kwamba 88 hazipo. Itaonyesha ubongo unaoishia katikati, na daktari atasogeza mpaka mwisho akidhani ndio mwisho. Tuma tena mfululizo mzima, usihofu nakala mbili, kwa kuwa kila picha ina namba yake ya kipekee na seva nzuri itaitambua. Picha kwenye mashine ya CT zisifutwe mpaka ghala lithibitishe kwamba limezihifadhi. DICOM ina utaratibu rasmi wa uthibitisho huo, na umezimwa katika hospitali nyingi kuliko inavyopaswa.

"Inachukua saa nzima"

Piga hesabu kabla ya kumfokea mtoa intaneti. Kipande kimoja cha CT kina nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti 2: baiti 524,288, yaani nusu megabaiti. Skani yenye vipande vyembamba 1,000 ni kama megabaiti 524. Kwenye laini ya megabiti 4 kwa sekunde (baiti moja ni biti 8), hiyo ni zaidi ya dakika 17 kama hakuna mwingine anayeitumia. Mfululizo wa vipande vinene 40 wa mgonjwa yule yule unapita kwa sekunde 42. Kwa dharura, panga mashine itume vinene kwanza. Washa mgandamizo usiopoteza kitu, ambao kwa kawaida hupunguza mzigo hadi nusu au theluthi. Mara nyingi hayo mawili yanatosha.

"Picha ni nyeusi tupu", au "daktari amesema haoni damu"

Hapa hakuna kilichoharibika njiani, lakini mgonjwa anaweza kuumia vile vile.

CT hupima kwa kipimo cha Hounsfield: maji ni 0, hewa ni −1000, mfupa unapanda mamia na maelfu juu. Skrini ya kawaida ina ngazi 256 tu za kijivu, kwa hiyo programu huchagua kipande cha kipimo hicho cha kuonyesha. Kipande hicho huitwa dirisha. Dirisha la ubongo lina upana wa 80 na kitovu 40. Dirisha la mapafu lina upana wa 1500 na kitovu −600. Ukiutazama ubongo kwa dirisha la mapafu, utaona kitu kimoja cheupe. Kwanza kabisa, basi, badilisha dirisha. Eksirei ikionekana na mifupa meusi, alama inayosema nyeupe ni ipi na nyeusi ni ipi haikusomwa vizuri na programu. Geuza rangi, kisha uripoti programu hiyo.

Sasa chukua yule majeruhi wa usiku. Damu mbichi kichwani ina kama 60, ubongo wenyewe kama 35. Tofauti ni 25. Kwenye dirisha la ubongo, 25 kati ya 80 ni kama ngazi 80 za kijivu, na macho huiona mara moja. Tuseme muuguzi mwenye nia njema amepiga skrini kwa simu wakati programu iko kwenye dirisha la mfupa, upana 2000, akairusha kwa ujumbe. Tofauti ile ile sasa ni ngazi tatu. Programu ya ujumbe inaigandamiza tena, na zile tatu zinapotea. Daktari anayepokea hawezi kubadilisha dirisha, kwa sababu hakupokea vipimo. Amepokea rangi. Anajibu "sioni damu", naye anasema kweli.

Picha ya simu hutumika, najua, na wakati mwingine ndiyo njia pekee ya kupata jicho la pili haraka. Itumie kuuliza swali huku faili halisi la DICOM likiwa njiani. Usipime chochote juu yake: umbali kati ya nukta umebaki kwenye faili la asili. Na kumbuka jina la mgonjwa mara nyingi limechomwa ndani ya picha yenyewe, hasa ya ultrasaundi. Kufuta jina kwenye maelezo ya faili hakuliondoi pale, inabidi sehemu hiyo ifunikwe.

"Mgonjwa ameleta diski, haifunguki"

Mafaili ya DICOM mara nyingi hayana kiambishi cha mwisho, kwa hiyo ukibofya faili lenye jina kama IM0001 kompyuta haijui ifanye nini. Fungua kwanza programu ya kutazama, kisha ielekeze kwenye folda nzima. Kama hujui faili ni la DICOM au la, lifungue kwa programu ya maandishi: baada ya baiti 128 za mwanzo utaona herufi DICM. Programu ya kutazama iliyokuja ndani ya diski mara nyingi huzuiwa na kinga ya virusi, na kinga inafanya kazi yake. Tumia ya kwako. Anayehamishia kwenye flashi anakili kila kitu, pamoja na faili la DICOMDIR, ambalo ni orodha ya yaliyomo, maana nimeshaletewa flashi iliyobeba njia ya mkato tu. Mgonjwa amesafiri, picha zimebaki.

"Majibu yamefika lakini si haya"

Ujumbe wa HL7 ukipokelewa, mpokeaji hujibu AA, nimekubali. Usiamini sana. Mifumo mingi ya katikati hujibu AA pale ujumbe unapogonga mlango, kisha huushindwa ndani na kuutupa kwenye foleni ya makosa ambayo hakuna anayeifungua. Mpe mtu mmoja kazi ya kuifungua kila asubuhi, na aandikwe kwa jina.

Makosa mawili hapa yananinyima usingizi. Moja ni ripoti iliyosahihishwa. Majibu hubeba alama ya hali: P ni ya awali, F ni ya mwisho, C ni masahihisho. Mfumo usiojua C huiongeza chini kama ripoti nyingine, na daktari anasoma ya juu, ile yenye kosa. Jaribu hili kwa makusudi kabla ya kuanza kutumia kiunganishi chochote. La pili ni namba iliyopoteza kipimo chake. Sukari ya damu 126 na sukari 7 zinaweza kuwa kitu kimoja, ya kwanza kwa miligramu kwa desilita, ya pili kwa milimoli kwa lita. Kiunganishi kinachohamisha namba na kuacha kipimo kimehamisha hatari. Kataa majibu yasiyo na kipimo, yarudi yalikotoka.

"Hii si picha ya mgonjwa wangu"

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo baya kuliko yote, na ndilo lisilopiga kelele. Haliandiki kosa kwenye logi. Picha imetoka, imefika, imehifadhiwa, inafunguka vizuri, na ni ya mtu mwingine.

Chanzo cha kwanza ni namba zinazogongana. Hospitali mbili zikianza kuhesabu kutoka moja, kila moja ina mgonjwa namba 4471. Picha ya 4471 wa kwanza ikifika kwa jirani, inaingia kwenye jalada la 4471 wa pili bila hata kusita. DICOM ina sehemu ya kutaja nani aliyetoa namba, na inaachwa tupu mara nyingi mno. Ijaze, au uweke kiambishi cha hospitali mbele ya namba picha inapovuka mpaka, na mfumo wa kupokea ulinganishe namba, jina, tarehe ya kuzaliwa na jinsi. Kitu kimoja kikigoma, picha isubiri mtu.

Chanzo cha pili ni mkono wa kuandika. Mwajuma akawa Mwa Juma, Abdallah akawa Abdala, na mfumo unawaona wawili. Tarehe ya kuzaliwa isiyojulikana huandikwa 1 Januari, hivyo wengi wanazaliwa siku moja. Tarehe 05/04 inasomwa na mmoja kama Aprili na mwingine kama Mei. Mashine ya picha ichukue jina kutoka orodha ya kazi inayoletwa na mfumo wa usajili, mpigaji picha asiandike kitu.

Chanzo cha tatu ni dharura yenyewe. Majeruhi asiyejitambua husajiliwa kwa jina la muda. Ndugu wakija na jina la kweli, masjala huunganisha majalada mawili na mfumo hutuma ujumbe wa kuunganisha, A40. Kama ghala la picha halisikilizi A40, skani inabaki kwa asiyejulikana, na wiki ijayo atakayelazwa kwa jina lile lile la muda atairithi.

Dalili huonwa na daktari makini: mfuko wa uzazi kwa mgonjwa mwanaume, figo mbili kwa aliyetolewa moja, chuma cha mguu kilichotoweka. Akikuambia, mwamini kwanza.

Usiifute. Ifiche isionekane kwenye jalada, andika saa uliyofanya hivyo, kisha tafuta ya kweli iko kwa nani, maana kama hii imeingia hapa huenda kuna mwingine anayengoja yake. Fuatilia nakala zilizokwisha kutumwa, diski zilizochomwa na ripoti iliyoandikwa juu yake, vyote vinahitaji kurekebishwa. Halafu fungua kumbukumbu ya matumizi uone ni nani na nani walioitazama tangu ifike. Wapigie simu mmoja mmoja. Mwambie kila mmoja ni picha ipi na ya saa ngapi, na umuulize ameamua nini kwa kuitazama.